Gemu umelipia, ufunguo anao mwingine

Kuna familia moja katika mji wa Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, yenye kanuni ambayo haijadiliwi: kitu cha wizi hakiingii ndani ya nyumba. Baba anauza vipuri vya pikipiki kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Rusumo. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wao ni wawili, wa kiume mwenye miaka 13 na wa kike mwenye miaka tisa.

Kanuni hiyo ina historia yake. Miaka ya mwanzo ya biashara, baba aliuziwa kwa jumla boksi la minyororo ya pikipiki akiambiwa ni orijino. Ilikuwa feki. Mteja mmoja wa bodaboda alirudi baada ya wiki mbili na mnyororo uliokatika, akamwaga maneno mbele ya wateja wengine. Baba alimrudishia fedha yake, na kwa miezi kadhaa biashara ikayumba. Tangu hapo hanunui mzigo asioujua ulikotoka, na nyumbani hali ni hiyo hiyo. Filamu za kunakiliwa kwenye flashi hazitakiwi. Nyimbo za kuingiziwa kwenye memori kadi kwa fundi simu hazitakiwi. Watoto wamekua wakijua kwamba aliyefanya kazi hulipwa.

Swali lililoitikisa kanuni hiyo lilitoka mahali ambapo wazazi hawakupategemea. Lilitoka kwenye mashine ya gemu.

Kutoka kibandani hadi sebuleni

Wazo la kununua mashine hiyo lilikuwa la mama. Kijana wake alikuwa ameanza kupitiliza kwenye kibanda cha gemu jirani na stendi, na kilichomsumbua mama hakikuwa mpira wa kwenye televisheni. Wakubwa waliokuwa wakikaa pale walikuwa wanawekeana fedha kwa kila mechi, na watoto wa shule walikuwa wanajifunza kubeti wakiwa na sare. Mama akaona ni heri mchezo uwe nyumbani, chini ya macho ya mzazi na kwa saa zinazojulikana.

Baba akatoa nusu ya fedha, mjomba wa watoto aliyeko Dar es Salaam akatoa nusu nyingine. Mjomba ndiye aliyeinunua na kuiandaa, kwa kuwa yeye mwenyewe ana mashine kama hiyo nyumbani kwake. Aliifungulia akaunti yake, akapakua gemu nne alizokuwa amezilipia kwa kadi yake ya benki, kisha akaifunga vizuri na kuituma kwa basi. Ilipofika, sheria zikatangazwa: Jumamosi baada ya kazi za nyumbani, Jumapili baada ya kanisa, na siku za shule isiwashwe kabisa.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Baba aliwasha hotspoti ya simu yake, watoto wakacheza, na hakuna aliyejua kwamba kila gemu ilipofunguliwa mashine ilikuwa inapiga hodi kwenye seva za ng'ambo kuuliza: huyu aruhusiwe?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 hodi haikuitikiwa. Siku hiyo nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Ushirombo, kama kwingineko, ujumbe wa WhatsApp ulikuwa ukizunguka tu bila kwenda. Watoto wakawasha mashine. Picha za gemu zote nne zilikuwepo kwenye kioo, lakini juu ya kila moja palikuwa na alama ndogo ya kufuli.

"Bando limeisha," akasema mdogo.

Bando lilikuwepo. Umeme ulikuwepo. Gemu zilikuwa ndani ya mashine, na zilikuwa zimelipiwa. Kilichokosekana ni ruhusa.

Kijana akaomba aende kwa rafiki yake. Njiani akapita kibandani na kukuta wenzake wanacheza kama kawaida, kwenye mashine kuukuu na sidii za kunakili, bila hata habari kwamba mtandao umekatika. Aliporudi alimkuta baba yake uani, akamuuliza kwa adabu, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo.

"Baba, wale wa kibandani hawajalipia hata gemu moja, na wanacheza. Sisi tumelipia zote, tumefungiwa. Sasa faida ya kulipia ni nini?"

Baba, ambaye si mtu wa kukosa jibu mbele ya mteja, alikaa kimya. Mwishowe akasema, "Ngoja nilifikirie, mwanangu."

Usiku mama alimwambia mumewe, "Baba watoto, lile swali lijibu vizuri. Usipolijibu sasa, utalijibu siku tutakayoitwa shuleni kwa sababu ameibia mtihani."

Kufuli lilikotoka

Ili kumjibu mtoto, kwanza ieleweke kufuli hilo liliwekwa kwa nini.

Mashine za gemu za zamani zilikuwa na ulinzi uliokaa ndani ya sidii yenyewe. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, ilitafuta alama maalumu karibu na katikati ya sidii, ambayo vifaa vya kawaida vya kuchoma sidii havikuweza kuinakili. Alama isipopatikana, gemu haifunguki. Mafundi wakaja na chipu ndogo ya kuunganishwa ndani ya mashine, ambayo kazi yake ni kuidanganya kwamba alama ipo. Mashine ikishatiwa chipu, sidii yoyote inakubali.

PlayStation 2 ilipotoka mwaka 2000 hadithi ilijirudia. Mashine hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 2013, lakini kwa vibanda vingi vya Afrika Mashariki haijazeeka mpaka leo. Sehemu kubwa ya watu wazima wa leo waliojifunza gemu za mpira vibandani, kutoka Kariakoo hadi Kahama, walijifunza kwa nakala. Wenye gemu hizo hawakuwa na duka hapa, na sidii halali ikipatikana bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa mwenye kibanda. Hilo linaeleza kwa nini nakala zilitamba, ingawa haliondoi ukweli kwamba waliozitengeneza gemu zile hawakupata kitu.

Wasanii wa Tanzania wanaujua uchungu huo kuliko mtu yeyote. Miaka ya sidii, mwanamuziki au mtayarishaji wa filamu alikuwa anatoa kazi leo na kesho anaikuta imenakiliwa na kutandazwa barabarani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA ipo kuisimamia, lakini kumkamata kila mchoma sidii ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Mwaka 2013 nchi ikaanza kutumia stempu za kodi kwenye sidii na DVD za muziki na filamu, ili mnunuzi aitambue kazi halali kwa macho.

Kwa hiyo kampuni ya gemu inaposema inaibiwa, inasema kweli. Gemu kubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa. Wachoraji, waandishi, wanamuziki na wahandisi hao nao wana watoto wanaohitaji ada. Baba wa Ushirombo, mwenye kumbukumbu ya ile minyororo feki, hakuhitaji kushawishiwa juu ya hilo.

Tatizo lilianza pale mlinzi alipotoka kwenye sidii na kuhamia ng'ambo.

Hodi ya kila siku

Mwaka huo huo wa 2013, wakati Tanzania inabandika stempu, dunia ya gemu ilikuwa na ugomvi mkubwa. Mwezi Mei Microsoft ilitangaza mashine mpya, Xbox One, na tarehe 6 Juni ikaeleza masharti yake. Mashine ingetakiwa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24. Ukipitisha muda huo bila kuunganisha, hufungui gemu yako mpaka uripoti. Ukitaka kucheza gemu zako kwenye mashine ya mtu mwingine, muda unapungua kuwa saa moja. Kumpa rafiki gemu yako ya sidii kungekuwa na sharti pia: awe kwenye orodha yako ya marafiki kwa siku 30 au zaidi, na gemu moja itolewe mara moja tu.

Wachezaji walikasirika. Wanajeshi walioko melini na kambini, watu wa vijijini, wenye intaneti ya kusuasua, wote waliuliza itakuwaje kwao. Mkuu wa kitengo cha Xbox wakati huo, Don Mattrick, alijibu katika mahojiano kwamba wasio na mtandao wana mashine ya zamani ya kampuni hiyo, Xbox 360. Jibu hilo liliwasha moto zaidi. Tarehe 10 Juni, katika maonyesho ya gemu mjini Los Angeles, Sony ilisimama jukwaani na kusema PlayStation 4 haitadai kuripoti kwa namna hiyo, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Siku tisa baadaye, tarehe 19 Juni, Microsoft ikafuta masharti yote mawili, la kuripoti kila siku na la kuazimana.

Xbox One ilipoanza kuuzwa Novemba mwaka ule ilizinduliwa katika nchi 13. Tanzania haikuwemo. Lakini ushindi wa wale waliolalamika uliifikia hadi nyumba ambazo hazikujua kama kuna ugomvi, kwa sababu mpaka leo gemu nyingi za sidii zinachezeka bila mtandao.

Hata hivyo, kufuli halikuondoka. Lilirudi kwa mlango wa nyuma, kupitia gemu zinazonunuliwa kwenye maduka ya mtandaoni, zile ambazo huna cha kushika mkononi. Huko kila akaunti huwa na mashine moja inayohesabiwa kuwa ya nyumbani. Kwenye mashine hiyo gemu za akaunti zinafunguka hata mtandao usipokuwepo. Kwenye mashine nyingine yoyote zinafunguka pia, ila kwa sharti la kupiga hodi kila mara.

Hicho ndicho kilichotokea Ushirombo. Akaunti ni ya mjomba, na mashine yake ya nyumbani ni ile ya Dar es Salaam. Mashine ya watoto, kwa macho ya seva, ilikuwa mgeni anayehitaji kujieleza kila anapofika mlangoni. Mjomba hakufanya kosa lolote kisheria, na wala hakufahamu kwamba kuna mpangilio wa namna hiyo. Hakuna mahali alipoambiwa kwa maandishi yanayosomeka bila miwani.

Leseni isiyo na miaka

Mtu aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wote hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa jirani yao, mchimbaji mdogo wa dhahabu, aliyekuja jioni kununua spaki plagi ya pikipiki yake na kukuta baba anaisimulia habari hiyo dukani.

"Kwani ulinunua gemu?" akauliza. "Wewe ulikata leseni."

Katika ukanda huu wa dhahabu neno hilo halihitaji tafsiri. Kila mtu anajua kwamba mwenye leseni ndogo ya uchimbaji hajanunua mwamba. Madini yaliyo ardhini ni mali ya umma, na leseni humpa haki ya kuchimba eneo fulani, kwa muda fulani, kwa masharti fulani. Gemu za mtandaoni nazo ni hivyo. Kitufe kimeandikwa "nunua", lakini katika yale maandishi marefu ambayo kila mtu huyakubali bila kuyasoma, kampuni imesema inakupa ruhusa ya kutumia tu.

Ila jirani aliongeza tofauti moja, na ndiyo ilimkaa baba kichwani. Leseni ya kuchimba imeandikwa miaka yake. Unajua inaanza lini, inaisha lini, na ukionewa kuna ofisi ya kwenda kulalamika. Leseni ya gemu haina tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na anayeijua siku ya mwisho ni mwenye seva peke yake.

Mfano upo. Gemu ya mashindano ya magari iitwayo The Crew, ya kampuni ya Ubisoft, ilitoka Desemba 2014 na ilihitaji seva za kampuni hata kwa mtu anayecheza peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Aliyeilipia kwenye duka la mtandaoni na aliyenunua sidii ya kushika mkononi wote walibaki na kitu kisichofunguka. Hasira zake zilizaa kampeni barani Ulaya iliyokusanya sahihi zaidi ya milioni moja kufikia Julai 2025, ikidai gemu iliyouzwa isiachwe ife kabisa pale kampuni inapoamua kuondoa huduma. Jimbo la California, Marekani, nalo lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika 2025, inayozuia maduka ya mtandaoni kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni.

Kwa baba, hesabu ya dukani ilianza kueleweka. Yeye pia anapambana na bidhaa feki. Anajilinda kwa jina lake, kwa risiti na kwa kubadilisha kipuri kikiharibika kabla ya muda. Hajawahi kumfuata mteja nyumbani kila asubuhi kuhakikisha mnyororo alioufunga ni ule aliomuuzia, na asipomkuta basi pikipiki isiwake.

Fundi wa kibandani

Katikati ya wiki ile, mtandao ukiwa bado unasuasua, kijana wa kibandani alimletea mtoto pendekezo. Kuna fundi Kahama anayevunja kufuli la mashine na kuijaza gemu kadhaa kwa bei isiyofika nusu ya gemu moja halali. Baada ya hapo hakuna kuuliza mtandao.

Mama ndiye aliyeambiwa kwanza, na jibu lake lilimshangaza mumewe. Hakukasirika.

"Zile nne tumezilipia," alisema. "Mtu akivunja kufuli la mlango wa nyumba yake mwenyewe, ni mwizi?"

Baba alilitafakari. Kama fundi angefungua zile nne tu, pengine angekosa la kusema. Lakini fundi haji kufungua nne. Anakuja na nyingine ishirini ambazo hakuna aliyezilipia, na hizo ndizo zinazomlipa yeye. Tena mashine ikishavunjwa, kampuni ikiitambua huweza kuifungia isiingie kwenye huduma zake za mtandao, na akaunti ya mjomba na kila alichokilipia humo vinaweza kwenda nayo. Na programu asiyoijua mtu ilikotoka haiaminiki kwenye kifaa kilichowahi kuwekewa kadi ya benki.

Ndipo baba akamwita kijana, siku ya nne baada ya swali.

"Uliniuliza faida ya kulipia ni nini," alimwambia. "Tulilipia kwa sababu kuna watu walifanya kazi. Hilo halibadiliki kwa kuwa duka limetukosea. Lakini na wewe umesema kweli, tumekosewa. Mwizi anacheza na mwaminifu amefungiwa, hiyo si haki, na sitakuambia kwamba ni haki. Tukikosewa tunadai. Hatuibi."

"Tunadai kwa nani, baba?"

Hapo baba alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa. Duka lililouza halina tawi Bukombe, wala Geita, wala Tanzania. Huduma kwa wateja yake inapatikana kwa mtandao ule ule uliokatika. "Tuanze kwa mjomba wako," akasema. "Halafu tujifunze kuuliza kabla ya kulipa."

Mtandao ulipotengemaa, mjomba alipigiwa simu. Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi. Aliingia kwenye akaunti yake kupitia mashine ya Ushirombo, mtoto akimwelekeza kwa simu ya video, na kuifanya mashine hiyo kuwa ya nyumbani. Tangu siku hiyo gemu zote nne zinafunguka hata hotspoti ikizimwa. Bei yake ni kwamba sasa mashine ya Dar es Salaam ndiyo inayopiga hodi, kwa kuwa akaunti moja hairuhusiwi kuwa na nyumba mbili. Mjomba alisema kwake haina shida, mtandao wa mjini hausumbui sana.

Maswali ya kuuliza dukani

Kwa mzazi anayefikiria kununua mashine ya gemu, hasa anayeishi mahali ambapo bando, umeme na mnara wa simu havikubaliani kila siku, kisa hiki kina mambo machache ya kubeba.

La kwanza ni kuangalia kama mashine ina sehemu ya kuingizia sidii. Siku hizi zinauzwa zisizo nayo, na bei yake ndogo huvutia. Mwenye mashine hiyo hana njia nyingine zaidi ya duka la mtandaoni: hawezi kununua gemu iliyotumika, kuazima, wala kuuza aliyoichoka. Kuna mashine ambazo kisoma sidii huuzwa pembeni. PlayStation 5 nyembamba, iliyotoka Novemba 2023, ni ya aina hiyo, na kisoma sidii chake hakianzi kazi mpaka kisajiliwe kwa intaneti siku kinapofungwa.

La pili ni kujua akaunti ni ya nani. Ndugu akikununulia gemu kwa akaunti yake, mwombe aifanye mashine yenu kuwa ya nyumbani kabla hajaituma, na mkumbuke mabadiliko hayo yana kikomo. Kwa Xbox, kwa mfano, ni mara tano kwa mwaka. Ukinunua mashine iliyotumika, hakikisha akaunti ya mwenye nayo wa kwanza imeondolewa, vinginevyo siku akibadili neno lake la siri gemu zote zinaondoka naye.

La tatu ni kutenganisha gemu za mtandaoni tupu na gemu za kucheza nyumbani. Fortnite na nyingine za aina yake haziwezi kuchezwa bila intaneti hata dakika moja, kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya kukutana na watu wengine. Nyingi kati ya hizo hupakuliwa bure na kutafuta fedha yake baadaye, kwa kumuuzia mtoto mavazi na silaha za ndani ya mchezo. Hapo mzazi ana maswali mengine zaidi ya kufuli, kuanzia na nani anaongea na mtoto wake.

La nne ni kutoamini kava. Kuna sidii na kadi ambazo hazina gemu ndani. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina baadhi ya gemu zinazouzwa kwa kadi ambayo ni ufunguo tu, na gemu yenyewe sharti ipakuliwe. Kwa bando la simu, gemu moja ya gigabaiti hamsini si mchezo. Alama ya kadi hizo huandikwa usoni mwa kava, chini, na ni haki ya mnunuzi kuomba asomewe.

La mwisho ni jaribio lisilohitaji utaalamu wowote. Kabla ya kutoa fedha, mwambie muuzaji azime mtandao, azime mashine, aiwashe tena, kisha afungue gemu unayoitaka. Ikifunguka, nunua. Isipofunguka, angalau umejua unacholipia.

Kijana wa Ushirombo alilifanya jaribio hilo likizo ya Desemba, alipokwenda Mwanza na baba yake kufuata mzigo wa vipuri. Alikuwa na akiba yake ya kuuza mayai, na alitaka gemu ya mpira ya sidii, iliyotumika. Muuzaji alishangaa kuambiwa na mtoto azime intaneti ya duka lake. Alizima. Gemu ikafunguka, mechi ikaanza, baba akalipa tofauti ya shilingi elfu tano iliyopungua, na risiti ikaandikwa jina la mtoto.

Sidii hiyo kwa sasa haipo nyumbani. Ameiazima binamu yake aliyeko Masumbwe mpaka shule zifunguliwe, na hakuna seva iliyoulizwa.